Umbali wa Mshale

Mara ya kwanza kushika upinde kwenye Monster Hunter: World, nilikufa mara tatu kabla chai yangu haijapoa. Kwenye gemu hii ukizidiwa hufi kabisa. Paka wanakupakia kwenye mkokoteni, wanakukimbiza hadi kambini, wanakumwaga chini kama gunia la viazi. Ukimwagwa mara tatu, kazi imeisha na unarudi mikono mitupu. Aliyenimwaga mara zote tatu ni Anjanath, dude la miguu miwili lenye mwili wa waridi na pumzi ya moto, ambalo likikuona linakimbia kama matatu iliyoona nafasi.

Nilichagua upinde kwa sababu mimi ni mwoga. Acha niseme tu ukweli. Gemu inakupa aina 14 za silaha. Kuna panga kubwa kumshinda anayelibeba, kuna nyundo, mikuki, ngao, na shoka linalogeuka kuwa upanga. Nyingi kati ya hizo zinakutaka usimame chini ya meno ya mnyama. Upinde ndio niliona una akili. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nitasimama huko mbali, karibu na njia ya kutorokea, nimimine mishale hadi mnyama achoke na maisha. Mimi namfikia, yeye hanifikii. Nani angekataa biashara kama hiyo?

Beste yangu mmoja, tunakaa naye ploti moja Umoja, alikuwa ameketi kitandani kwangu akitazama. Amecheza gemu za Monster Hunter miaka mingi. Alivumilia kama dakika tano, halafu akashindwa kujizuia.

"Buda, unamrushia maua?"

Nikamwambia mishale inampata, naona namba zikitoka.

"Zinatoka, lakini hebu angalia ni namba gani. Wewe uko Umoja, mnyama yuko Rongai."

Hapo ndipo aliponionyesha kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa wiki nzima. Ile alama ya kulengea katikati ya skrini haikai vilevile. Ukiwa mbali sana inakuonyesha kwamba uko mbali. Ukisogea inabadilika, na kuna eneo fulani, si kubwa, ambapo inageuka kukuambia kwamba hapa ndipo mshale wako una nguvu zake zote. Ukisogea karibu mno, ile nguvu ya ziada inapotea. Ukirudi nyuma, inapotea pia. Mshale unaorushwa kutoka mbali bado unafika. Unafika tu ukiwa umekufa.

Na hilo eneo liko wapi? Hilo ndilo lililonikata maini. Liko palepale ambapo mkia wa mnyama unakufikia. Moto wake pia unakufikia, na akiamua kuruka, hatua mbili tu yuko juu yako. Isitoshe, gemu inampa mwenye silaha ya mbali ulinzi mdogo wa mwili dhidi ya vipigo kuliko mwenye upanga. Yaani wewe uliyetafuta usalama ndiye utakayeumia zaidi ukigongwa.

Nikaanza upya, kama mtoto wa nasari. Nilijifunza kwamba ukivuta uzi na kusubiri, mshale unapanda ngazi za nguvu, na kwamba ukikwepa pembeni huku umevuta, unapanda ngazi bila kusimama kungoja. Nilijifunza kufuatisha pigo la kwanza na pigo la nguvu. Nilijifunza kwamba yote haya yanakula pumzi, na pumzi ikiisha mwindaji wako anainama akihema mbele ya mnyama mwenye njaa, na hapo hakuna wa kukusaidia ila wale paka. Nilijifunza kupaka mishale dawa: ya kuongeza nguvu, ya sumu, ya kupooza, ya usingizi. Lakini somo la kwanza, ambalo bila hilo mengine ni kelele, lilikuwa la miguu. Piga hatua mbele.

Ningeishia hapo kama si jambo lililotokea mwaka huohuo, ambalo halikumhusu mnyama yeyote.

Nyanya yetu, tuliyemwita Susu, alifariki. Nyumbani ni Kibwezi. Mjomba wangu alichaguliwa kuwa mweka hazina wa mchango wa mazishi, na michango ikatumwa kwa simu yake, kila mtu akiandika kwenye grupu la familia alichotoa. Tulimzika Susu vizuri. Watu walikula, hema halikuvuja, jeneza lilikuwa la heshima. Kisha wengi wetu tukarudi Nairobi na kwingineko.

Wiki mbili baadaye, saa tano usiku, nikiwa nimelala chali na simu usoni, nilianza kujumlisha. Sijui kwa nini. Labda usingizi ulikataa. Nilipanda juu kwenye grupu nikaandika kila mchango, kisha nikaandika matumizi yaliyotangazwa. Zilikosekana shilingi 23,400. Nikajumlisha tena. Zikakosekana zilezile.

Nikapiga picha hesabu yangu nikaibandika kwenye grupu lenye watu 64, wakiwemo binamu zangu wa miaka 13 na shangazi aliyeko Qatar. Nikaandika: "Naomba Anko atueleze hizi pesa za Susu zilienda wapi." Nikaongeza ile emoji ya macho mawili yanayochungulia. Nikaweka simu kwenye chaji.

Asubuhi hakuna aliyekuwa amejibu. Watu walikuwa wamesoma tu. Kufikia saa nne kukatokea ule mstari mdogo wa kijivu katikati ya skrini, unaotangaza bila huruma wala lawama kwamba fulani ameondoka. Anko alikuwa ametoka kwenye grupu.

Nilihisi nini? Ushindi. Nataka nilikiri hilo kabla sijaanza kujifanya mwanafalsafa. Nilihisi kama mtu aliyelenga kutoka mbali na kupata.

Naomba ieleweke: nilichosema kilikuwa kweli. Hesabu haikuwa na kosa, na sikumtukana mtu. Kwa hivyo swali linalonisumbua si kama nilisema uongo. Swali ni hili: ukweli ukirushwa kutoka mahali ambapo hauwezi kukurudia, je, bado ni ukweli uleule?

Wasiwasi kuhusu silaha za mbali ni wa zamani. Mwaka 1139, maaskofu wa Kanisa Katoliki walikutana Roma katika Mtaguso wa Pili wa Laterano, na moja ya kanuni walizopitisha ilipiga marufuku kazi ya wapiga upinde, wakiiita ya mauti na yenye kumchukiza Mungu. Lakini soma hadi mwisho. Marufuku hiyo ilihusu kuwapiga Wakristo. Wengine hawakutajwa. Wahenga wetu walishalimaliza jambo hili kwa maneno machache: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tunaugundua ubaya wa mshale siku tunapouona ukija upande wetu.

Kuna jibu rahisi hapa, na nililitumia kwa muda: kwamba umbali ndio dhambi, na ukaribu ni wema. Usirushe maneno mtandaoni, mkabili mtu ana kwa ana, na kadhalika. Lakini jibu hilo halisimami. Mwanzoni mwa 2008, hapa kwetu, jirani alimuua jirani huku akijua jina lake na majina ya watoto wake. Nchini Rwanda mwaka 1994 wengi waliuawa kwa mapanga na watu waliowahi kunywa nao pombe. Hakuna silaha ya karibu kuliko panga. Ukaribu peke yake hautakasi mkono.

Na umbali nao, mara nyingine, ndiyo haki pekee aliyo nayo mnyonge. Upinde ni silaha ya asiye na kifua. Mfanyakazi anayejua bosi wake anaiba, msichana anayejua mwalimu fulani si wa kuachwa peke yake na watoto, hawa hatuwezi kuwaambia waende wakasimame mbele ya anayeweza kuwaponda. Juni 2024 vijana wengi wa nchi hii walianza kwenye simu. Walitafsiri Mswada wa Fedha, wakaueleza kwa lugha za nyumbani, wakausambaza. Wakubwa wakacheka kwamba ni kelele za mtandaoni. Kisha vijana wakashuka mtaani, na tarehe 25 wakaingia Bunge, na siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi mswada huo. Wengine hawakurudi nyumbani. Siandiki haya kuwapamba, kwa sababu mama zao hawahitaji mapambo yangu. Nayaandika kwa sababu siku ile tuliona ni nani hasa alikuwa na silaha ndefu. Vijana walisogea hadi mahali wanapoweza kugongwa. Waliokuwa wameandika mswada walikuwa mbali sana.

Kwa hivyo si suala la mbali au karibu. Nadhani gemu ilikuwa imenipa neno sahihi zaidi bila mimi kujua: eneo. Je, umesimama ndani ya eneo ambalo uliyemlenga anaweza kukujibu?

Ukitoka kwetu Kibwezi ukaendelea na barabara ya Mombasa, unapita Mtito Andei na kuingia nchi ya Tsavo. Huko waliishi Waata, ambao wengi waliwaita Waliangulu, wapiga upinde ambao sidhani wana mfano wao Afrika Mashariki. Baadhi ya pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya kilo 45 kuvuta. Sumu waliipata kwa kuchemsha mti wa Acokanthera, na sehemu ya mshale iliyopakwa waliifunga kwa ngozi nyembamba ili isikauke. Walimwinda ndovu. Na ndovu hupigwi kutoka mbali kwa upinde, hata uwe na mkono wa aina gani. Walimnyemelea hadi karibu kabisa, upepo ukiwa usoni mwao, mahali ambapo kosa moja lilikuwa la mwisho. Walijua anachokula, anakolala, na akigeuka atageukia wapi.

Sisemi walikuwa watakatifu. Ndovu walikufa, na pembe ziliuzwa. Lakini katika miaka ya 1950, serikali ya kikoloni ilipofanya msako mkubwa Tsavo na kuwafunga wengi wao, sheria iliyowageuza kutoka wawindaji hadi majangili ilikuwa imeandikwa mezani, na watu ambao ndovu hakuwahi kuwapumulia usoni. Inawezekana sheria ilikuwa sahihi. Inawezekana bila hiyo tusingekuwa na ndovu leo. Hata hivyo, siwezi kujizuia kuona tofauti kati ya anayemwangusha mnyama akiwa hatua chache kutoka kwake na anayemwangusha mtu kwa kalamu bila kumwona.

Turudi kwenye gemu kidogo, kwa sababu kuna kitu kingine kilinifanya nisilale vizuri.

Kwenye Monster Hunter huonyeshwi uhai wa mnyama umebaki kiasi gani. Hakuna mstari mwekundu juu ya kichwa chake. Unapaswa kumwangalia. Akichoka anadondosha mate na mwendo wake unakuwa mzito. Akikaribia kufa anaanza kuchechemea. Anaacha kupigana, anakupa mgongo, na anaelekea kwake, kwenye shimo au kiota anacholala. Ukimfuata unamkuta amelala usingizi, akijaribu kupona. Na gemu inajua unachokiwaza, kwa sababu pigo la kwanza juu ya mnyama aliyelala lina nguvu kuliko kawaida. Watu wanapanga mapipa ya baruti kando ya kichwa chake.

Kwa saa nyingi za kwanza sikuwahi kukiona kile kichechemeo. Nilikuwa mbali sana. Kwangu mnyama alikuwa kitu kidogo chenye namba zinazoruka. Nilipoanza kusimama mahali panapofaa ndipo nilipoona mguu ukivutwa. Na ndipo beste yangu aliponiambia kwamba si lazima umuue. Ukiweka mtego akaukanyaga akiwa amedhoofika, kisha ukamrushia mabomu mawili ya usingizi, unamkamata akiwa hai, na zawadi unapata.

"Kwani hukujua?" akaniuliza.

Sikujua. Anayepiga kutoka mbali hapewi nafasi ya kujua, kwa sababu dakika ya kuchagua inapofika hayuko pale kuiona.

Ule mstari wa kijivu kwenye grupu ulikuwa kichechemeo. Mtu wa miaka 58 alinipa mgongo akaelekea kwake, na mimi nilikuwa nimeweka simu kwenye chaji.

Ilinichukua miezi minne kwenda Kibwezi. Ningependa kusema ni dhamiri iliyonipeleka, lakini nilikuwa na shughuli ya kitambulisho cha mdogo wangu, na nyumba ya Anko iko njiani. Nilimkuta ameketi nje akichambua pojo kwenye ungo. Hakusimama. Nilimsalimia, akaitikia, akanionyesha kiti kwa kidevu. Tulikaa kimya muda ambao kwenye simu ungekuwa mtu amekukatia.

Kisha akasema, "Ungenipigia."

Nikamwambia pesa zilikosekana, Anko. Nilisema hivyo nikitazama pojo. Ni sentensi ileile niliyoiandika saa tano usiku, lakini safari hii ilikuwa na uzito wa ajabu mdomoni, kana kwamba ilikuwa imekaa kwenye maji. Akasema anajua. Akasema karo ya kijana wake ilikuwa imefika mwisho, kijana amerudishwa nyumbani na mtihani uko karibu, na alidhani atazirudisha mavuno yakifika kabla mtu hajahesabu. Mavuno hayakufika. Halafu akanigeukia, na sasa ilikuwa zamu yake.

Aliniuliza nilitoa ngapi kwenye ule mchango. Nilitoa 1,500. Aliniuliza Susu alipokuwa amelazwa wiki sita, nilikuja mara ngapi. Sikuja. Nilituma pesa. Kila Jumapili nilituma kitu, hata mia tano, na nikijibiwa "asante mwanangu" nilihisi nimefika. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba usiku aliokesha naye Susu alikuwa akiuliza ni nani aliyeko Nairobi anayetuma hizo pesa, kwa sababu alikuwa ameanza kusahau sura.

Hilo sikuwa nimelihesabu. Nilikuwa nimeenda nikidhani suala ni mishale niliyoirusha kwa ubaya. Kumbe hata wema wangu ulikuwa wa upinde, unatoka mbali, salama, unafika ukiwa umekufa. Sisemi kutuma pesa ni kitu kibaya. Dawa zilinunuliwa kwa pesa hizo, na wengi wetu hatuna njia nyingine, kazi ni kazi na nauli ni nauli. Nasema tu kwamba niliacha kutofautisha kati ya kutuma na kuwa pale.

Anko hakuniomba msamaha, na sidhani alihitaji kuniomba mimi. Mimi nilimwomba, si kwa hesabu, kwa ile emoji. Aliuliza emoji ni nini. Nilijaribu kumweleza macho mawili yanayochungulia na nikaona aibu katikati ya maelezo. Nilipokuwa naondoka aliniuliza nitawaambia nini kwenye grupu. Nikamwambia hilo ni lake kuwaambia. Hajarudi kwenye grupu hadi leo. Amelipa 9,000. Watu 64 waliona nilichoandika, na wachache sana wanajua yaliyofuata. Mshale ukishatoka haurudi kwenye podo, na hili silisemi kwa huzuni ya kishairi, ni jinsi mambo yalivyo.

Je, ningenyamaza? Hapana. Pesa zilikuwa za Susu, na familia inayoogopa kumuuliza mweka hazina itaibiwa tena. Hata leo ningeuliza. Ningeuliza tu nikiwa mahali ambapo Anko angeweza kuniuliza pia.

Bado nacheza na upinde. Nimeshamwangusha Anjanath mara nyingi, na mara nyingi zaidi nimemkamata akiwa hai, ingawa beste yangu anasema nimekuwa laini. Wiki iliyopita kijana wa jirani alikuja akataka nimfunze, na kama mimi, alichagua upinde kwa sababu unaonekana salama. Nilimwacha arushe kutoka mbali dakika chache. Kisha nikamwambia nilichoambiwa: angalia hiyo alama, sogea hadi ibadilike, sogea tena. Akasema huko atagongwa.

Nikamwambia ndiyo, utagongwa. Beba dawa za kutosha.